Betri Haikuwa na Kosa

Ilango,

Usinunue betri ya tatu. Asubuhi nilipima pikipiki kwa mita: injini ikinguruma, volti zilibaki kumi na mbili. Zilipaswa kufika kumi na nne. Nikakwambia mbele ya fundi Murugan kwamba betri haipati chaji. Ukacheka: "Appa, shule ya usiku ilikufundisha kusoma, si pikipiki." Murugan naye akacheka. Nimelimeza neno hilo, lakini halijashuka.

Mlipoondoka nikafungua kiti cha pikipiki. Soketi ya rektifaya, kile kifaa kinachoipa betri chaji, imejaa unga wa manjano. Siku ya puja, ibada ya kubariki vyombo vya kazi, uliipaka manjano pikipiki nzima, ukaimwagia maji, ukaiombea isikuangushe. Waya zimeota kutu ya kijani. Nimezisafisha na kuzikaza. Sasa mita inasoma kumi na nne na robo.

Mwakani paka taa tu.

Idli zako za kula zimefunikwa kwa sahani. ~~Nitarudi jioni.~~ Nimekwenda kwa dada yako, nitakaa huko.

Murugan akiuliza nani katengeneza, ~~mwambie ni baba yako~~ sema ni wewe. Wewe utaaminika.

Appa