Kope Zangu Ndani ya Mikroskopi

Kahindo mdogo wangu, unisalimie mama.

Joto la Beni ni kali. Leo nilienda hospitali kuomba nafasi ya kujifunza kazi ya labo. Laborantin, mpimaji wa damu wa pale, aliweka tone la damu chini ya mikroskopi, akaniambia nitafute vidudu vya malaria. Nikamwambia naona majani meusi.

"Mama, ile ni kope zako! Diplome ya biochimie ulipataka wapi?"

Wote waliokuja kuomba nafasi walicheka, na nafasi akapewa mwingine. Miaka yote ya biochimie pale sekondari, mwalimu alituchorea mikroskopi ubaoni, sisi tukakariri sehemu zake. Yenyewe hatukuiona.

Mwaka huu wewe unaingia biochimie. Mwalimu akianza kuchora, mwulize yenyewe iko wapi, hata darasa likikucheka. Mimi niliona haya kuuliza.

Nakupenda sana,
Masika