Kikao cha Dharura Kuhusu Mama Vifungo Kula Meza ya Watu Baki

UMOJA WA WASTAAFU WA KARAKANA YA SARE
KAMATI YA CHAKULA CHA JIONI, SAFARI YA MELI

SIKU: Siku ya sita tangu tupande meli, baada ya chai ya alasiri.
MAHALI: Chumba cha kuchezea karata, ghorofa ya saba.

WALIOHUDHURIA:
Mwenyekiti (mkata nguo mkuu wa zamani)
Mama Kola (mkewe Mwenyekiti, mshona kola)
Mpiga Pasi (alihudhuria akiwa amelala kwenye kochi kwa sababu ya kichefuchefu)
Katibu wa Muda (mimi)
ALIYEITWA: Mama Vifungo (mshona vifungo)
ASIYEHUDHURIA: Hakuna. Wengine waliambiwa kikao ni kesho, kwa usalama.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ana miaka sabini na tisa. Amewaona mameneja watano wakiingia karakana na kutoka, na wanne kati yao wamekwisha kufa. Ameziona cherehani za miguu zikipakiwa kwenda kuyeyushwa chuma, na yeye bado anatembea bila fimbo. Amemzika mkewe. Mwaka huu amemzika mdogo wake, fundi wa makoti, ambaye ndiye aliyekuwa mume wa huyo Mama Vifungo anayezungumziwa hapa. Kwa hiyo Mama Vifungo ni shemeji yake, na asije mtu baadaye akasema Katibu alificha udugu. Herufi alizijulia kwenye maandishi ya mabunda ya vitambaa, si darasani, na mpaka leo hajatokea mtu wa kumdanganya kwa karatasi.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya kufunga mlango, kuufungua tena ghafla kuona kama kuna mtu nyuma yake, na kuufunga. Hakukuwa na mtu. Mwenyekiti alisema hilo halimaanishi kitu.

Alikumbusha kwamba safari hii ni zawadi ya tajiri mpya aliyenunua karakana, na kwamba yeye tangu siku ya kwanza ameuliza tajiri anataka nini kwetu na hajajibiwa. Wajumbe walikubaliana naye.

KUMB. NA. 2/6: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Hazikuthibitishwa kwa sababu hazikuonekana. Mpiga Pasi, ambaye ndiye alikuwa Katibu kabla hajaanza kutapika, alieleza kwamba aliziandika kwenye kitambaa cha mezani na mhudumu akakichukua kwenda kufuliwa. Mama Kola aliuliza ni mhudumu yupi, na kwa nini achukue hicho tu. Mpiga Pasi alijibu kwamba wahudumu huchukua vitambaa vyote. Jibu hilo halikuiridhisha kamati. Ndiyo sababu kalamu sasa iko kwa Katibu wa Muda, na maneno ya watu yataandikwa kama yalivyotoka vinywani mwao, mtu asije akayakana.

KUMB. NA. 3/6: HALI YA MEZA

Kwa faida ya wasiokuwepo, Mwenyekiti alieleza hali ilivyo. Sisi tuko kumi na mmoja. Meza ya mviringo tuliyopewa kwenye ukumbi wa chakula ni ya watu kumi. Mkuu wa wahudumu alikataa kuongeza kiti akisema njia ya kupitisha trei itaziba. Katibu aliipima njia hiyo kwa hatua zake na akaona haizibi, lakini hakusikilizwa. Basi kila jioni mmoja wetu hula meza ya jirani, yenye abiria wasiotuhusu.

Anayekwenda hupatikana kwa kura. Vifungo hutiwa ndani ya kofia ya Mwenyekiti, vyeupe kumi na cheusi kimoja, na mwenye cheusi huhama. Tatizo ni kwamba tangu jioni ya pili, cheusi kikimwangukia yeyote, Mama Vifungo husema, "Lete, nitakwenda mimi." Hunyang'anya kifungo mkononi mwa mtu na kuondoka na mkoba wake. Hajala nasi tangu hapo.

KUMB. NA. 4/6: SHAKA ZA WAJUMBE

Mama Kola alisema yeye hana neno baya na mtu, lakini Mama Vifungo anakwenda kule kutusema. "Jana nimemwona kwa macho yangu haya. Aliinua mkono hivi, akakunja vidole hivi. Mkono ule ni wa mume wangu akishika mkasi! Anatuigiza mbele ya watu baki, na wao wanafurahi."

Mpiga Pasi alisema kutoka kwenye kochi kwamba yeye anashuku chakula. "Meza ile inaletewa samaki mzima, na kichwa chake. Sisi tunaletewa vipande. Nani asingehama?" Mama Kola alimwambia mtu anayetapika asizungumzie samaki.

Mwenyekiti alisema wote wanaangalia karibu mno. Kwa maoni yake meza ile imewekwa pale na tajiri makusudi, iwavute watu wetu mmojammoja mpaka Umoja ubaki jina. Aliuliza kwa nini wamechukua mwepesi kuliko wote, yaani mjane.

Katibu alitoa taarifa ya uchunguzi wake, ambao aliufanya mwenyewe bila kutumwa. Jana jioni alisimama nyuma ya nguzo karibu na meza ya matunda, akijifanya anachagua tikiti. Katika umri wake bado anaona vizuri kuliko vijana wengi. Aliona yafuatayo: kuna mwanamume wa kofia nyeupe anayekaa karibu na Mama Vifungo, na kila akitaka kuzungumza huvuta kiti chake kumsogelea. Maneno hayakusikika. Kilichosikika ni kicheko. Mama Vifungo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Kila mmoja kwenye kamati anajua utaratibu wa karakana. Mwenzetu akifiwa, kwa mwaka mzima hakuna anayecheka wala kutania mbele yake mezani. Hukaa mkono wa kulia wa Mwenyekiti, hutiliwa chakula kabla ya watu wote, na watu huzungumza kwa sauti ya chini. Tumemfanyia hivyo kila aliyefiwa, awe fundi au mfagiaji. Mwaka wa marehemu mdogo wangu haujaisha.

Mwenyekiti alipendekeza Mama Vifungo aitwe na kuambiwa arudi mezani kuanzia leo. Akikataa, afutwe uanachama. Katibu aliuliza kama kamati inakumbuka kwamba chumba anachokaa nyumbani ni cha Umoja, na hukaliwa na wanachama tu. Mwenyekiti alijibu kwamba anakumbuka vizuri, yeye ndiye mwenye funguo.

KUMB. NA. 5/6: MAMA VIFUNGO KUHOJIWA

Mama Vifungo aliingia amekwisha kuvaa nguo za chakula cha jioni. Alikaa bila kuambiwa.

Mama Kola alianza kwa upole. "Dada, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Mbona umetukimbia?"

"Mnanitilia supu kabla ya watu wote. Mnanikatia nyama kama mtoto. Nikigeuka huku mnanyamaza, nikigeuka kule mnanyamaza. Siku ile ya kwanza Mpiga Pasi alianza hadithi ya meneja aliyekalia pasi ya moto, akaniona, akaimeza na mkate wake."

Mpiga Pasi alithibitisha. "Ni kweli niliimeza. Na tumbo lilianza papo hapo."

Mwenyekiti alieleza kwamba ile ni heshima, na kwamba hata yeye alipofiwa na mama yake alitendewa hivyo hivyo na akashukuru.

Mama Vifungo alisema, "Heshima naijua, Mwenyekiti. Chumbani kwangu nalia mwenyewe. Nikija mezani nakuta nyinyi mnanililia. Sasa nitacheka wapi? Wale hawajui kama nimefiwa. Wananiambia, 'Mama, tupitishie chumvi.' Nami napitisha chumvi. Basi. Hakuna anayeniangalia kama nitaangua kilio juu ya chumvi."

Hapo kipaza sauti cha meli kilitangaza mashindano ya kucheza dansi kwenye ghorofa ya juu. Tangazo lilirudiwa kwa lugha kadhaa na kikao kikasubiri. Mwenyekiti alisema tangazo limechagua wakati wake vizuri.

Mama Kola aliuliza habari ya mkono ulioinuliwa. Mama Vifungo alijibu kwamba alikuwa akiwaonyesha marehemu mumewe akitunga uzi kwenye sindano, alivyokuwa akikunja uso na kuishika sindano mbali kama nyoka. "Walitaka kujua kazi yetu. Nikawaonyesha fundi wangu." Mama Kola alisema bado ulifanana na mkono wa Mwenyekiti.

Katibu aliuliza habari ya mtu wa kofia nyeupe, ni nani, na anavuta kiti kwa sababu gani.

"Shemeji! Kumbe aliyekuwa nyuma ya nguzo na tikiti ni wewe? Mke wa huyo wa kofia alisema kuna mzee kule ameshika tunda muda mrefu, labda hana kisu."

Katibu alimtaka ajibu swali.

"Yule ni daktari wa mifugo. Sikio la upande mmoja halisikii, ndiyo maana anasogea. Na mkewe yuko ubavuni pake, anamsogeza akisahau."

Maelezo hayo yalipokelewa. Katibu anayaweka hapa bila kusema ameyaamini.

Ndipo Mwenyekiti alipomsomea pendekezo: arudi mezani leo, au afutwe. Mama Vifungo aliuliza kama chumba kimo ndani ya neno hilo. Mwenyekiti alisema kimo. Mama Vifungo alinyoosha mkono wa gauni lake, halafu akamgeukia Katibu, hakumwangalia Mwenyekiti tena.

"Basi andika, Shemeji. Andika kwamba nimekataa. Nataka jina langu likifutwa lifutwe kwa mkono wako, si wa mtu mwingine."

Katibu aliinua kalamu. Kabla hajaandika, Mpiga Pasi aliinuka kwenye kochi kwa mara ya kwanza na kusema kwamba kamati imesahau jambo. Utaratibu wetu una mlango. Mkubwa wa nyumba ya marehemu anaweza kuukata mwaka kabla haujaisha, na hukatwa kwa jambo moja tu: akae mbele ya mfiwa na kusimulia kitu cha kuchekesha alichofanya marehemu. Meneja wa pili alipokufa, kaka yake alikuja karakana akafanya hivyo mbele ya mjane, aliyekuwa akishona nasi, na siku ile ile tukaanza tena kutaniana.

Watu wote walimtazama Katibu. Mkubwa wa nyumba ni yeye, wa mbele yake wote wamekwisha. Katibu alihisi jambo hili limepangwa, akamwuliza Mpiga Pasi ni nani aliyemtuma. Mpiga Pasi alisema ametumwa na njaa, anataka kula chakula kimoja kwa amani. Katibu alisema mwaka ni mwaka, na yeye si mtu wa kukata mambo katikati, hata suruali hajawahi kuikata kabla ya kuipima mara tatu.

Mama Vifungo aliuliza, "Shemeji, mwaka huo ni wangu au ni wako?"

Hapa Katibu hakuandika kwa muda. Waliokuwepo wanasema ulikuwa muda mrefu. Katibu anasema alikuwa akitafuta kalamu, ambayo ilikuwa mkononi.

Kisha alisimulia, na alisimulia vizuri kuliko yule kaka wa meneja. Alisimulia habari ya kiongozi wa bendi aliyeshonewa koti na marehemu, akalivaa mbele ya kioo, na kumbe limetiwa mikono miwili ya kushoto. Mkono mmoja umekaa sawa, wa pili unajikunja kwenda kifuani wenyewe. Kiongozi wa bendi akapaza sauti, "Fundi, hii nini?" Mdogo wangu hata hakutikisika. Akamwambia, "Mzee, wewe ni mtu wa saluti. Huu wa pili nimekuanzishia."

Mama Kola ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akajifunika uso kwa mkoba. Mpiga Pasi alishika tumbo akisema anaumia, asichekeshwe tena. Mwenyekiti alijaribu kukaa sawa akashindwa, akaelekeza uso ukutani. Mama Vifungo hakucheka. Alimkazia Katibu macho.

"Muongo we! Koti lile si ulilishona wewe? Yeye alikwenda mbele kukutetea tu!"

Ndipo akacheka. Alicheka kama nilivyomsikia jana nikiwa nyuma ya nguzo, mpaka akashika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka, akawa anayafuta na hayaishi, na hakuna aliyenyamaza kwa ajili hiyo.

Madai kuhusu koti hayakuthibitishwa na hayatajadiliwa.

KUMB. NA. 6/6: MAAZIMIO

Mwaka wa marehemu fundi wa makoti umekatwa na mkubwa wa nyumba yake. Kuanzia leo Mama Vifungo atatiliwa supu zamu yake ikifika, na atajikatia nyama mwenyewe. Pendekezo la kumfuta liliondolewa na Mwenyekiti, ambaye alisema lilikuwa la kumtisha tu. Katibu alimwomba alirudie neno hilo polepole ili liandikwe, na limeandikwa.

Mwenyekiti aliagiza Mama Vifungo aingie nasi ukumbini jioni hii. Mama Vifungo alisema jioni hii hawezi, amekwisha kuwaahidi wale wa meza ya pili.

"Na kesho?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kesho nitaangalia mna hadithi gani."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Mwenyekiti aliufungua mlango mara moja kuona anaelekea wapi. Alikuwa anaelekea ukumbini, akicheka peke yake kwenye korido.

Kikao kilivunjika saa kumi na mbili kasorobo, kengele ya chakula ilipolia na Mpiga Pasi kutangulia mbio.

MWENYEKITI: (alitia sahihi baada ya kusoma mara mbili, na kugeuza karatasi kuona kama kuna maandishi nyuma)

KATIBU WA MUDA: (sahihi yangu, niliyoitia bila kusaidiwa)

Mwenye shaka na habari hizi amwulize Mwenyekiti, aliyekuwepo mwanzo hadi mwisho. Amwulize Mpiga Pasi, ambaye alikuwa amelala lakini masikio yalikuwa wazi. Amwulize Mama Kola, ingawa atakana kwamba yeye ndiye aliyeanza kucheka. Na amwulize Mama Vifungo mwenyewe, shemeji yangu, mtu mkweli, aulizwe lolote isipokuwa habari ya koti.