Sura Tatu Zisizo za Josiah

Mtaa wa Mill,
Ludlow, Uingereza.
9 Novemba 1867

Mpendwa mdogo wangu Edwin,

Hamjambo huko Nyuzilandi? Mkeo Phoebe mzima? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu juzi, na nisipokuambia wewe sijui nitamwambia nani.

Kaka yetu Josiah alipooza mkono wa kulia mwezi wa Agosti. Nilikuficha, nisamehe. Ulimi ulikuwa mzito hata kuomba maji ilikuwa kazi. Na riwaya zake, unajua, hutoka kipande kila mwezi. Mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, vitabu tisa, na sasa nchi nzima inasubiri cha kumi, mpaka vilabuni ambako wasiojua kusoma husomewa.

Basi nikaandika mimi. Ni miaka kumi na minane sasa ninanakili kazi zake kabla hazijakwenda kwa wachapaji, kwa hiyo Bwana Gedge, mchapishaji wake, hakushtuka. Mwandiko ni uleule aliouzoea. Septemba, Oktoba, Novemba: sura tatu, na jina la Josiah juu yake.

Sasa ulimi umemrudia. Juzi alasiri alitaka nimsomee toleo la mwezi huu, kama desturi yetu. Nikasema miwani imepotea. Akaniambia nimeivaa. Nikasoma, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani kaandika haya?"

"Wewe, kaka. Ugonjwa umekusahaulisha."

"Usinifanye mtoto, Lettice. Yule mjane mimi nilipanga afe. Wewe umemwoza kwa mwenye bucha."

"Anampenda."

"Najua anampenda, mimi si kiziwi. Lete karatasi."

Nilidhani ni barua ya kunifukuza. Nami nilikasirika, nakiri. Nani aliyemlisha kwa kijiko miezi yote hii? Akanitajia barua ya kumpelekea Bwana Gedge, neno kwa neno: kwamba sura zile si zake, hawezi kusifiwa kwa jasho la mwingine, na toleo la Desemba litoke kwa jina la Lettice Tranter au lisitoke kabisa.

Nikamwambia watatusema vibaya, yeye tapeli, mimi mwizi, na kitabu watakitupa.

"Basi watutukane wote wawili. Andika."

Jana niliipeleka posta mwenyewe. Nilirudi mara mbili kutoka mlangoni. Ya tatu nikaitoa. Hii ikikufikia, watu watakuwa wameshaamua, nami naogopa sana.

Nisalimie Phoebe, mbusu mtoto, na mjomba Silas umwambie bado tunamkumbuka. Mungu awalinde katika nchi hiyo ya mbali.

Edwin, maelfu ya kurasa yamepita mkononi mwangu, lakini jina langu kwenye barua ile lilinishinda. Niliharibu karatasi nne kabla sijaweza kuliandika.

Dada yako akupendaye daima,
Lettice Tranter