Migomba mitatu niliyoionyesha kwa kidole

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha.

Asimwe ameingia sasa hivi na tope mpaka magotini, kaniwekea mdoli wake mapajani, akakimbilia nje tena. Mdoli wenyewe ni ua la mgomba kalifunga kitenge. "Mama, nishikie mtoto, nina kazi na baba." Ana miaka minne.

Kazi yenyewe iko pale penye uwazi kibanjani, kati ya migomba yetu. Ndiyo maana nimejificha ndani naandika.

Mume wangu ana saratani ya tumbo. Mwanzoni madaktari walisema haiwezi kupasuliwa, imeshikana na mishipa mikubwa. Wakasema wataanza na dripu: kemo, pamoja na dawa ya kuamsha kinga, ili mwili wenyewe uitambue saratani na kupigana nayo. Ikisinyaa, wataangalia tena.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilisikia "haiwezi kupasuliwa" tu. Yaliyofuata yalinipita.

Nikarudi nyumbani Nyabiyonza kumwona mtoto, nikasema nilivyosikia. Baba mkubwa wa mume wangu akaja. Kwetu mtu anazikwa kibanjani kwake. "Mke wetu," akaniambia, "visiki vya migomba having'oki kwa siku moja. Tuonyeshe mapema, tusihangaike watu wameshajaa."

Nikamwonyesha.

Nilinyoosha kidole, Asimwe yuko mgongoni. Nikasema karibu na kaburi la baba mkwe, pana kivuli. Yeye na vijana wake wakang'oa migomba mitatu, mmoja una mkungu mchanga. Mwenye migomba yuko wodini, dripu mkononi, anaulizia kahawa yake imeanikwa au bado.

Aliporudi akauliza nani kakata. Nikasema ilipata mnyauko.

Akaniamini. Akachukua panga akalichoma motoni, kama bwana shamba alivyotufundisha, ugonjwa usihamie kwa mingine. Akasema tusipande kitu pale mpaka udongo upone. Baba mkubwa naye kila akija anapita kwanza pale uwazini, ndipo anaingia ndani kumuuliza, "Bado unakula?"

Unakula. Kama anauliza kuhusu mbuzi.

Juzi tumepewa majibu ya kipimo. Uvimbe umesinyaa, umeachia mishipa. Alhamisi anapasuliwa. Daktari hakuahidi kitu, lakini mimi nimeshaanza kumshonea Asimwe gauni la kumpokelea baba yake.

Na mume wangu jana kaenda Nkwenda, karudi na chipukizi la mgomba. Anasema udongo umeshapona, anataka kupanda kabla ya kuondoka. Namsikia analima, anapumzika kila baada ya majembe matatu.

Analima mahali nilipomchagulia kaburi.

Sitaki aende kupasuliwa akiwa amebeba uongo wangu. Leo namwambia, hata akininunia mpaka Alhamisi. Nitaanza hivi: Baba Asimwe, migomba ile haikuwa na mnyauko, ni mimi nili

Ananiita. "Mama Asimwe, njoo ushike mche nifukie, huyu fundi wako mdogo kashachoka."