Kanuni ya Kumi na Tano

Hosteli ya Wanachuo,
Bagamoyo.
Jumatatu.

Kwa mama yangu, Bi Mwanvita, Mkange.

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa na kicheche hajawamaliza kuku. Mimi mwili hauna neno. Maulida akikusomea, mwambie asiruke mstari, nawe usimnyamazishe mpaka afike chini. Najua tangu baba azikwe hatujasemezana, mwaka wa tatu huu, na najua kosa liko upande gani. Nitalifikia. Niache nianze na habari za kazini, hizo zinatoka kwa urahisi.

Bado ni mtunza hosteli. Nafungua maji, nabadili taa, nasikiliza uongo. Mwezi wa tatu Madamu Klementina, matroni wetu, aliniagiza nipake upya kanuni za kuishi hosteli kwenye ukuta wa mlangoni, maana mwandiko wangu anausifia, ingawa herufi zenyewe nilijifunza kwa kunakili maboksi ya sabuni. Zilikuwa kanuni kumi na nne. Jiko chumbani marufuku. Wageni mwisho saa kumi na mbili jioni. Nguo zisianikwe madirishani. Wanachuo hupita mbele yake kama watu wanaopita mbele ya mdai. Ukimkuta mtu na jiko la umeme atakuapia anachemsha maji ya kuoga, na maji hayo yananukia vitunguu. Mmoja, Herman, anakaanga mayai juu ya pasi. Nilipomuuliza akasema kanuni imekataza jiko, pasi haikutajwa. Nikaona huyu atakuwa mwanasheria, nikamwacha, na nusu ya yai nikala.

Basi nilipomaliza ya kumi na nne, chini ilibaki nafasi ya mstari mmoja, na rangi kidogo kwenye kopo. Nikaongeza ya kumi na tano: kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kila mwanachuo atampigia simu mama yake au mlezi wake.

Mama, katika zote, hiyo ndiyo waliyoitii. Ijumaa ya kwanza walilalamika kwamba chuo sasa kimezidi, kinataka kuwafundisha hadi kuwa na mama. Lakini walipiga. Ngazi zikajaa watu wanaapa kwamba wamekula na wameshiba. Huyo Herman wa pasi nilimsikia akiongea lugha ya kwao kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa Lugoba alikuja kumshukuru mkuu wa chuo kwa kanuni ile. Mkuu hakuijua. Akahesabu kwenye karatasi ya kanuni ofisini, akaja kuhesabu ukutani, hesabu zikapishana. Nikaitwa. Madamu akaniuliza nani kaniruhusu, nikasema ukuta ulikuwa na nafasi. Mkuu alikohoa kidogo, nadhani alikuwa anaficha kicheko, kisha akaamuru niifute kwa sababu haikupita kikaoni.

Nikaenda na rangi nyeupe na brashi. Hafidha wa chumba namba tisa alikuwa amekaa kwenye ngazi, akasimama mbele ya ukuta akataka sababu. Nikamwambia ile si kanuni ya kweli, nimeitunga mimi. Akacheka, akasema anko, hilo tunalijua tangu siku ya kwanza, chuo gani kinaandika hivyo? Halafu akaniuliza, na wewe Ijumaa unampigia nani? Rangi ya brashi ikanidondokea kwenye kandambili.

Hapa Maulida asome polepole.

Baba alipougua akanitaka, niliwatumia salamu kwamba kanuni za chuo hazimruhusu mtunza hosteli kuondoka wakati wa mitihani. Alipofariki nikatuma salamu zile zile. Mama, kanuni hiyo haipo. Ruhusa sikuomba. Madamu hakujua hata kwamba nimefiwa. Niliachana na baba kwa maneno makali, siku aliposema kupaka kuta ni kazi ya mtu anayekimbia jembe, nami nikamjibu yale unayoyakumbuka. Niliogopa kumkuta hoi, akaniomba radhi yeye kabla sijamwomba mimi. Kwa hiyo ile ndiyo kanuni ya kwanza niliyoitunga, haikuandikwa popote, na nimeitii miaka mitatu.

Ule mstari sijaufuta. Mkuu nimemwambia rangi nyeupe imekwisha. Kopo liko chini ya kitanda changu.

Ijumaa hii, nikishaswali na kula, nitapiga kwenye simu ya Maulida. Utetezi sina. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitasikiliza mpaka uchoke.

Nisalimie dada Ashatu na watoto, na mjomba Haidar kwa jina lake kamili, asije akanuna. Barua anakuletea Mrisho wa mananasi, mpe maji ya kunywa.

Na kama hutaipokea simu, mama, sitalaumu. Nitapiga Ijumaa inayofuata, na ile nyingine. Ukutani nimeandika kila Ijumaa.

Mwanao,
Ausi