Moluska Wasio na Gamba

Chapwa, Jumatano, Agosti 2009

Nimefaulu mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi kutoka chuoni alikaa dawati la nyuma, na mimi nikaikandamiza chaki ubaoni mpaka ikakatika. Ningeshindwa leo, ningerudia mwaka mzima, na nyumbani hawana tena nguvu ya kunisomesha.

Nilifundisha moluska, wanyama wa mwili laini: konokono, chaza, wote wenye gamba. Nikagusia na wale wa kilindini baharini wasio na gamba, wembamba kama minyoo. Mwanafunzi mmoja, Sekela, akanyoosha mkono.

"Madamu, kama hana gamba na anafanana na mnyoo, kwa nini asiwe mnyoo?"

Kiingereza chote kikanitoroka, na somo la biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Nikajibu kwa Kiswahili. Wengi wao wana utepe wa meno mdomoni kama konokono, na ngozi yao ina vichembe vigumu vya chokaa. Wataalamu huwapanga kwa undugu, si kwa sura, ingawa bado wanabishana kama hao ni kundi moja au mawili.

Nje mkufunzi akaniuliza, "Kwa nini uliacha Kiingereza?"

"Nilitaka waelewe, mkufunzi."

"Wameelewa. Umefaulu. Ila hicho Kiingereza ukifanyie kazi."

Hilo bado linanikera. Ni kweli, lakini leo...

Nikampigia mama, yuko Msangano. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hao wadudu wanaliwa. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Wiki nzima nilikuwa sijacheka.