Nafasi Moja ya Bweni

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nilikusudia kuikataa nafasi ya kwenda kusoma shule ya bweni. Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo wewe na shemeji? Mtoto ameshaota meno? Sisi wazima, ila Baba anakohoa, na ukimwambia anakohoa anakataa katakata.

Unajua shule yetu ilipewa nafasi moja tu, tukaigombea kwa mtihani wa insha. Lilipotajwa jina langu nilifurahi, lakini furaha haikufika mbali. Kiranja wetu alianza kuniita Binti Ofisi, kwa kuwa Baba ni makamu mkuu wa shule. Unanijua, mimi majibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Neno lake lilinifuata hadi nyumbani. Je, kama Baba alinibeba kweli? Nami ningeanzaje kumuuliza mzazi wangu swali kama hilo?

Jana mwalimu wa Kiingereza alitufundisha neno "deserve". Alisema ni kustahili, wala halitumiki kwa kitu ulichookota au ulichopewa kwa kuhurumiwa, bali kwa kile ambacho matendo yako yamekiita, kiwe sifa au bakora. Kiranja akasema kwa sauti kwamba bakora yeye anazistahili sana, ila nafasi za bweni zina wenyewe. Darasa zima likaangua kicheko. Nikainamia daftari, machozi yakinilenga.

Mwalimu hakucheka. Alimtaka kiranja awaambie wenzake ni nani aliyebandua pembe za karatasi za ule mtihani wa insha. Kiranja akajikuna kichwa. Ndipo nikajua, kaka: kabla ya kusahihisha, mwalimu huikunja pembe yenye jina na kuibandika kwa gundi. Alama zikishajumlishwa, mwanafunzi mmoja huitwa kuzibandua mbele ya walimu. Safari hii aliitwa yeye. Alikiri kwamba alipobandua karatasi iliyoongoza alitarajia jina lake, akakuta langu, wivu ukamzidi. Na Baba, mwalimu alisema, aliomba mwenyewe asisahihishe hata karatasi moja, akaenda kusimamia usafi wa uwanja.

Nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Kiranja aliniomba radhi huku akitazama viatu vyake. Nikamwambia yamekwisha, ila kuhusu zile bakora nakubaliana naye.

Baba sijamwambia kwamba nilimshuku, nawe tafadhali usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikipata ujasiri.

Msalimie sana shemeji, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Kipindi kilipokwisha nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamwambia nafasi naichukua. Kisha nikarudi nyumbani, nikatoa kabatini mashuka ya kwenda nayo bweni, nikayaloweka kwenye beseni usiku kucha. Naenda kuyafua sasa hivi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba